Kibao cha Stesheni Masta: nimekuwa shabiki wake tangu utoto, sasa sijui nishike lipi

Wakuu, nawasalimu kila mtu kwa umri wake. Wa shikamoo aipokee, wa mambo vipi naye aipokee.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauachia. Nitakayosema yametokea kweli, ila jina la mzee, la binti yake na la filamu siyaandiki, maana watu hawa wapo hai na mzee namheshimu mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Au niseme namheshimu kwa shida. Ndiyo sababu nipo hapa.

Mimi ni fundi wa TV na redio, Mikumi mjini, kando ya barabara kuu ya Iringa. Umri hamsini na kidogo. Kuzaliwa ni Kilosa, kota za reli. Babu alikuja na kazi ya reli kutoka Kigoma, baba akaipokea, mimi nikakimbilia waya.

Nikiwa na miaka tisa hivi ililetwa filamu pale klabu ya reli. Filamu ya Kiswahili, waliocheza ni Watanzania.

Mliozaliwa juzi hamwezi kuelewa lilikuwa jambo kubwa kiasi gani. Sisi tulizoea Wahindi wakiimba na Wachina wakirukaruka. Sasa ghafla tunamwona mtu mweusi kama baba, kavaa sare ya reli kama baba, anaongea Kiswahili kama baba, halafu ni mkubwa kama ukuta!

Aliigiza kama stesheni masta. Mrefu, mnyoofu, mkali, sauti inatoka chini kabisa. Sisi watoto tukawa tunamwita Masta, nami nitamwita hivyo humu.

Sehemu iliyopendwa kuliko zote ni hii. Masta anarudi nyumbani, chakula hakijaiva. Mkewe anamwambia amechelewa sokoni. Masta hafoki. Anavua kofia kwa vidole viwili, anaiweka mezani taratibu, anasema, "Ratiba ni mimi." Halafu anamzaba mkewe kibao.

Ukumbi ulipasuka kwa makofi na vicheko. Wanaume, wanawake, watoto. Nami nilisimama juu ya benchi nikipiga makofi.

Baada ya hapo Kilosa nzima ilikuwa "ratiba ni mimi". Ukichelewa kurudisha mpira, ratiba ni mimi. Ukichelewa darasani, mwalimu naye anavua miwani, ratiba ni mimi. Sikuwa na mchezaji mpira wa kumpenda wala mwanamuziki. Nilikuwa na Masta. Nilijifunza kutembea kama yeye, kunyamaza kama yeye, kuvua kofia kama yeye.

Hakucheza filamu nyingine. Alipotea tu. Wengine walisema kafa, wengine walisema yuko Ulaya.

Nilipokuwa fundi mtu mzima, jamaa mmoja Morogoro alikuwa anafunga maktaba yake ya video, akaniita nichukue deki mbovu. Ndani ya boksi la kanda nikaikuta ile filamu. Imeota ukungu. Nilikaa nayo siku nne na pamba na spiriti, nikaifufua, baadaye nikaihamishia kwenye kompyuta. Mtandaoni haipo, nimeitafuta sana. Nimeiangalia labda mara mia. Sitanii.

Sasa tuje mwaka huu.

Ilikuwa wakati wa kuvuna miwa, mashamba yanachomwa, masizi yanaanguka mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Akaja mama mmoja na TV iliyogoma kuwaka. Mwalimu wa shule ya msingi upande wa Ruhembe, nitamwita Mwalimu Zuhura. Nyuma yake akaingia baba yake, mzee mrefu, kavaa kofia ya kufuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Je, fundi, itapona hiyo?"

Wakuu, bisibisi ilinidondoka.

Kuna sauti ukishaisikia mara mia huwezi kuikosea hata ikizeeka. Nikasema labda ni masikio yangu. Kisha joto likamzidi, akavua kofia. Vidole viwili.

"Mzee, samahani, wewe si Masta?"

"Masta gani?"

Nikataja jina la filamu. Akaniangalia kama mtu aliyeitwa na polisi.

"Umenifananisha, mwanangu," akasema, akatoka nje akasimama juani mpaka binti yake alipomaliza shughuli na mimi.

Hapo nilichanganyikiwa mara ya kwanza. Je, ni yeye kanidharau, au ni mimi nimezeeka vibaya? Jioni ile niliwasha filamu nikasimamisha picha nikakagua sikio lake. Sikio lilelile, wakuu, na kipande kidogo kimepungua juu.

Kesho yake Mwalimu Zuhura akanipigia.

"Kaka fundi, jana ulimwita baba jina gani?"

Nikamweleza.

"Hiyo filamu unayo?"

"Ninayo."

Nikasikia akifunga mlango upande wake.

"Ndani yake kuna mwanamke anayecheza kama mke wake?"

"Yupo."

"Huyo ni mama yangu."

Akanieleza kwamba wale wawili walikuwa mume na mke kweli, na kwamba mashangazi walimdokeza kuna filamu waliyocheza pamoja, ila hakuwahi kuiona. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili. Picha yake ilikuwa moja tu, kwa bibi Kilosa, na mto ulipoingia mjini ukaondoka nayo pamoja na kabati.

"Sura ya mama siijui," akasema. "Mashangazi wananiambia natembea kama yeye. Mimi sijawahi kumwona akitembea."

Wakuu, nilitaka kumwambia njoo sasa hivi. Lakini mimi nimelelewa kota za reli, huwezi kufungua mambo ya mzee bila kumpigia hodi. Nikamwambia TV nitaileta mwenyewe.

Siku ya tatu nikapakata TV kwenye bodaboda mpaka Ruhembe. Mwalimu alikuwa shuleni. Mzee alikuwa barazani, mbele yake shamba la miwa lililokatwa nusu. Nikamwamkia, nikaifunga TV, ikawaka. Nilipotoka nje akasema bila kuniangalia:

"Ndiyo, ni mimi. Sasa?"

Machozi yalinikaribia. Nikamwaga yote, klabu ya reli, makofi, kanda, ukungu, pamba. Nikamwambia Masta, wewe ndiye uliyenifundisha kuwa mwanaume.

Aligeuka akanitazama.

"Kanda hiyo iko kwako tu?"

"Kwa ninavyojua, kwangu tu." Nilisema kwa majivuno.

"Basi ichome."

Nikacheka nikidhani ni utani wa kizee. Hakucheka.

"Mzee, binti yako anataka kumwona mama yake."

"Ndiyo maana nakuambia uichome."

"Kwa nini lakini?"

"Umesema unanipenda tangu mtoto. Kama unanipenda, nifanyie hilo moja, usiniulize."

Nilirudi Mikumi sijui kichwa kiko wapi. Mtu pekee niliyewahi kumhusudu duniani kaniomba kitu kimoja. Na kitu chenyewe ni kuteketeza kazi yake, ambayo ndiyo iliyonifanya nimpende. Na kuna mwanamke wa miaka arobaini na kitu anayesubiri kumwona mama yake akitembea. Hebu jiwekeni hapo.

Nilimweleza mke wangu, Mama Rehema. Yeye hakuzunguka.

"Marehemu si mali ya mzee peke yake. Mpe mtoto mama yake."

"Na mzee je?"

"Mzee kakataa kukwambia sababu. Asiyesema sababu asilalamike ukikosea."

Siku moja niliishika ile kanda karibu na jiko la mkaa uani, nikijua ya kwenye kompyuta nayo ningeifuta. Nilisimama pale kama dakika kumi. Mama Rehema akapita na sufuria, akanitazama, akapita. Nikairudisha ndani.

Jumamosi Mwalimu Zuhura akaja bila kuitwa. Nikafunga mlango wa ofisi nusu, nikageuza kompyuta, nikaiwasha.

Mama yake anatokea dakika ya sita, na ndoo kichwani, anavuka reli. Mwalimu alishika mdomo. Mama anatua ndoo, anacheka na jirani, kuna mwanya katikati ya meno. Mwalimu naye ana mwanya huohuo. Akawa anacheka na kulia kwa pamoja, anagusa skrini kwa kidole, anasema, "Kumbe yuko hivi. Kumbe alikuwa mfupi!"

Nilifurahi, wakuu. Nikajiona nimefanya jambo jema kuliko yote niliyofanya kwa mikono hii.

Ikafika sehemu ya kibao.

Kofia. Vidole viwili. "Ratiba ni mimi." Pah!

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Tena."

Mara ya tatu akasema, "Simamisha hapo. Anamwangalia nani?"

Nikaangalia. Nawaambia ukweli, mara mia zote nilizoiangalia nilikuwa naangalia mkono wa Masta. Siku hiyo ndipo nilipomwangalia yule mwanamke. Kapigwa, hereni imeruka, na hamwangalii mumewe. Anaangalia pembeni, nje ya picha, upande waliokuwa wamesimama wapiga kamera. Anawaangalia kama mtu anayeuliza, mmeona?

"Hapo haigizi, kaka fundi."

Nikaanza kujitetea, utadhani nimepiga mimi. Nikamwambia Mwalimu, huo ni usanii, wana ujanja wao, mkono haufiki. Akaniomba niirudishe mara moja zaidi. Alama za vidole zilionekana shavuni zikivimba. Mimi niliyeisafisha ile kanda kwa pamba siku nne sikuwahi kuziona.

Alichukua pochi yake akaondoka. Hakuaga.

Jioni nyumbani nilikuwa kama mgonjwa. Nikamsimulia Mama Rehema nikitegemea atasema pole. Akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema:

"Mimi unakumbuka uliponipiga?"

Wakuu, hili nalo linaingia kwenye uzi, msinirushie mawe bado. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimpiga kibao. Kimoja tu, nilikuwa najiambia hivyo miaka yote. Nilirudi kutoka kazini nikakuta kaenda kwa dada yake bila kuniaga.

"Nakumbuka," nikasema.

"Ulivua kofia kwanza. Ukaiweka mezani. Nikajua hii kaitoa mahali. Kilichoniuma zaidi ya kibao ni kwamba ulionekana kama unasubiri watu wapige makofi."

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye gogo la nje nikihesabu malori.

Zikapita siku tisa. Siku ya kumi mzee akaja Mikumi peke yake, kapanda Noah ya Kidodi. Nikajiandaa kwa matusi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Uliichoma?"

"Hapana mzee. Nisamehe."

"Afadhali," akasema.

Hapo nilichanganyikiwa mara ya tatu au ya nne, nimepoteza hesabu.

Akaniambia binti yake alimuuliza jioni ileile aliyotoka kwangu, wamekaa wawili tu. Baba, mama ulimpiga kweli? Akajibu ndiyo. Tangu siku hiyo anampikia, anamtengea, kisha anaenda kula jikoni. Shikamoo anampa kila asubuhi. Zaidi ya hapo hakuna neno.

"Mzee, ni mwongozaji aliyekulazimisha?" Nilikuwa namtafutia mlango wa kutokea.

"Watu wote niliowaambia hivyo waliniamini," akasema. "Ni kweli alituambia mara mbili kwamba kibao kinaonekana cha mchezo. Ni kweli. Lakini asubuhi ile mimi na mke wangu tulikuwa tumegombana. Alitaka kwenda kwao Kilosa, mtoto alikuwa mchanga, mimi nikakataa. Akanijibu mbele ya wenzetu. Kwa hiyo nilipoambiwa nipige kama kweli, sikupiga kwa ajili ya filamu. Nilikuwa na hasira zangu, nikapata ruhusa."

Lori likapita, vioo vikatetemeka.

"Nilipompiga wote pale walipiga makofi. Yeye akaokota hereni akamaliza kazi ya siku ile. Hakuwahi kulitaja. Akaishi mwaka na nusu, akaugua, akafa. Mimi kila nilipopita, watoto wananiambia ratiba ni mimi, wanacheka. Nikahama mji, nikahama na jina. Nikaja kulima miwa."

Kisha akasema kitu ambacho sijui nikiweke wapi mpaka leo:

"Na wewe umeniambia nimekufundisha kuwa mwanaume. Siku ile ulipoondoka sikula."

Nilitaka kumchukia, ikashindikana. Nilitaka kumkumbatia, nayo ikashindikana. Nikamnunulia soda. Ndicho nilichoweza.

Kabla ya kuondoka aliniomba aione. Nikamwekea. Alipotokea mkewe na ndoo, mzee aliinama mbele mpaka pua ikakaribia skrini. Kabla ya kibao akainua mkono, akasema basi. Akaenda.

Wiki iliyofuata Mwalimu Zuhura akanipigia. Sauti imetulia kidogo. Akaniomba nimtengenezee nakala ya kuwaonyesha mabinti zake wawili walioko sekondari wanaokuja likizo, wamwone bibi yao. Lakini sehemu ile niikate. Hataki wamwone bibi yao anapigwa, na hataki wamwone babu yao anapiga.

Nikaona ni busara. Nikaikata vizuri, niseme bila kujisifu kwamba mtu wa kawaida asingejua. Masta anaingia mlangoni, kisha tunahamia treni inafika asubuhi.

Jumapili nikaenda nayo Ruhembe. Tulikaa sebuleni, Mwalimu, mabinti wawili, mzee kwenye kiti chake, mimi karibu na TV niliyoitengeneza mwenyewe. Mabinti walimfurahia bibi yao kama mama yao alivyofanya. Walicheka suruali za zamani. Walimtania babu, kumbe ulikuwa hendisamu!

Masta akaingia mlangoni. Treni ikafika.

"Hapa pamekatwa," mzee akasema.

Akanigeukia.

"Fundi. Nani kakwambia ukate?"

"Ni mimi, baba," Mwalimu akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita baba siku hiyo. "Kwa ajili ya watoto."

"Irudishe."

"Baba, si lazima."

"Miaka yote watu walinipigia makofi kwa sababu hakuna aliyewaambia. Hawa nao wakinipenda kwa mkasi wa fundi, nitakuwa nimempiga mama yako mara ya pili. Fundi, nzima unayo?"

Nilikuwa nayo kwenye flashi nyingine mfukoni. Nikamtazama Mwalimu. Alikaa kama anasikiliza kitu cha mbali, kisha akaniitikia kwa kichwa. Nikabadilisha flashi.

Wakaona. Hakuna aliyecheka. Mzee akaniambia nisimamishe, akawageukia wajukuu zake, akawaambia kwa maneno machache sana kwamba lile halikuwa igizo, kwamba alimpiga bibi yao kweli, na kwamba hakuwahi kumwomba radhi mpaka akazikwa. Sauti ileile, wakuu. Ile iliyojaza ukumbi Kilosa. Safari hii ilikuwa inatetemeka.

Binti mkubwa alitoka nje. Mdogo akabaki, akauliza, "Babu, bibi alikuwa anaitwa nani na wenzake? Jina la utani?"

Mzee akalitaja. Mwalimu Zuhura akageuka haraka akamtazama, maana jina hilo yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kulisikia. Akalirudia taratibu. Akavuta kigoda chake akakaa karibu na kiti cha baba yake, akaanza kumuuliza mengine. Alipenda kula nini. Aliogopa nini. Mimi nikachukua vifaa vyangu nikatoka.

Sasa hivi wanakula pamoja, kaniambia mwenyewe. Kama amemsamehe sijui na sijauliza. Binti mkubwa alirudi shule bila kumuaga babu yake.

Na mimi nilimwomba radhi Mama Rehema, kwa kuchelewa miaka zaidi ya ishirini. Akasema, "Nimesikia." Hajasema amesamehe. Kasema amesikia, akaniuliza kama umeme umerudi.

Somo nililopata, kama ni somo, ni kwamba nimeangalia filamu moja maisha yangu yote na nusu ya watu waliomo sikuwaona. Unapompenda mtu sana, chunguza na anayesimama mbele yake.

Lakini kichwa hakijatulia. Mzee angeweza kunyamaza mpaka kaburini na wajukuu wangemlilia kama shujaa. Akachagua kusema. Je, hilo linamrudishia heshima yangu, au namtafutia tu kisingizio kwa sababu siwezi kuishi bila kumpenda? Asubuhi nina jibu moja, jioni jingine.

Wenye matusi nitukaneni mimi, mzee hayumo humu wa kujitetea. Na akina mama mliomo humu, ninyi hasa ndio nawasubiri. Sijibu kitu, nasoma tu.